Dari Iliyokuwa Ikipepea

Mume wangu ana gari lisilokwenda popote, na kila alasiri hulipanda akaliendesha.

Cheka tu, mimi nimeshazoea. Mtaa mzima walicheka mpaka wakachoka. Gari lenyewe limeegeshwa uani kwetu, chini ya kibanda cha bati, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani. Betri ilikufa zamani. Magurudumu yamelala chini kama mtu aliyeshiba. Na dereva mwenyewe haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka siku moja akaniuliza mbona sijawasha taa, na nje ni mchana kweupe.

Wanamwita Dereva, hata sasa. Mimi wananiita Fundi, kwa sababu ya cherehani yangu iliyoko kwenye baraza ya uani. Hata wenyewe ndani ya nyumba tunaitana hivyohivyo, Dereva na Fundi, utadhani tulikutana kazini. Majina tuliyopewa na wazazi tunayatumia hospitalini tu.

Maisha yake yote alikuwa mtu wa barabara. Si kazi ya kuzungukazunguka mjini, hapana, ya masafa. Abiria ndani, mizigo juu, wanaondoka kabla jua halijachomoza, naye anarudi kesho yake au keshokutwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akirudi alikuwa na habari za kunisimulia huku nakata nguo, lakini moja aliirudia kila mara. Kuna mlima, alisema, katikati ya ile safari ndefu, barabara inapanda na kupanda mpaka mawingu yanabaki chini. "Chini, Fundi! Unasimama kando ya barabara, mawingu yako hapa," anaonyesha magotini, "mpaka unayaonea huruma." Nami namwuliza, mimi utanipeleka lini? "Safari ijayo," anajibu.

Safari ijayo! Mwenzangu, mwanamume akikwambia safari ijayo, wewe endelea kushona. Safari ijayo kulikuwa na mgonjwa wa kuwahishwa. Nyingine kulikuwa na bibi harusi na masanduku yake. Nyingine gari lilijaa hata pa kuweka kikapu hakuna. Kinyozi hajinyoi, na mke wa dereva hasafiri. Kile kiti cha mbele, cha ubavuni mwake, wamekikalia wake za watu wote isipokuwa mke wake mwenyewe. Nilikitamani kiti kile. Nasema wazi, nilikitamani mpaka roho inauma. Nilikuwa nakifuta vumbi kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nasimama mlangoni nakiona kinaondoka na mtu mwingine.

Sasa nije kwenye hiyo dari. Dari ya gari lile ilianza kulegea zamani, macho yake yakiwa bado mazima. Kilikuwa kitambaa cha kijivu, chembamba, kilichogandishwa kwenye sponji, na sponji ikagandishwa kwenye ubao wa juu. Jua likipiga bodi la gari miaka na miaka, sponji inaoza inakuwa unga, na kitambaa kinabaki hakina cha kukishika. Kilianza kufanya tumbo nyuma, kikaja katikati, mwisho kikamfikia kichwani. Unadhani alifanya nini? Aliniibia pini. Pini zangu za kazi, zenye vichwa vya rangi! Nikawa najiuliza mbona kikopo kinapungua, nikamshuku kila mteja aliyeingia kupimwa, mpaka nilipokwenda kufuta vumbi garini, nikainua macho, nikakuta dari nzima imechomwa pini nyekundu, njano na bluu. Nilimfokea mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. "Sasa Fundi," akasema, "si nimetumia elimu ya nyumbani?" Baadaye pini moja ikamwangukia abiria ndani ya misuko yake, mama wa watu akasafiri nayo mpaka mwisho wa njia. Ndipo akazitoa zote, akakiacha kitambaa kining'inie.

Macho yalipokwisha, alilala. Sisemi usingizi. Aligeukia ukuta, basi. Redio hataki, wageni hataki, chakula anakigusa ili nisiseme. Nilikuwa namwona anavyozama na sina kamba ya kumtupia. Kilichomtoa kitandani ni gari. Siku moja alipapasa ukuta mpaka uani, akapata kishikio cha mlango, akaingia. Akashusha vioo vyote, akaweka mikono kwenye usukani, akaegemeza kichwa nyuma. Alikaa humo mpaka jua likapoa. Alipotoka aliuliza kuna chakula gani. Mwenzangu, niliingia jikoni nikakumbatia sufuria.

Tangu hapo ikawa kila alasiri. Saa hizo upepo hupita kati ya nyumba yetu na ya jirani, unaingia kwenye dirisha la huku unatokea la kule. Nikiwa barazani nilikiona kile kitambaa kikipanda na kushuka juu yake, kinampiga kwenye paji la uso, kinampangusa nywele. Nilikiona uchafu mtupu. Na kila siku, kabla hajaingia, alisimama kwenye mlango wa gari akaita, "Fundi, njoo twende."

Siendi. Nilimjibu nina nguo ya mtu, anaitaka leo. Nikamwambia tena, hiyo dari yako inanimwagia unga kichwani. Unga ulikuwepo kweli, lakini kilichonikalisha ni donge. Alipokuwa na macho hakunipeleka kokote, leo ndiyo anataka kunipeleka uani? Nikakanyaga cherehani yangu kwa nguvu, asikie.

Kisha akaanza kukohoa. Ule unga wa sponji ulikuwa unamwingia. Akitoka garini mabega yamekuwa ya njano kama mtu aliyetoka kusaga bizari. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, halafu akaniita nje. "Mama," akaniambia, "ama hiyo dari itengenezwe, ama baba asikae tena kwenye hilo gari. Kifua hiki hakitaki vumbi." Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Kumkataza gari ni kumrudisha ukutani, na safari hii asingetoka. Hilo sikuhitaji muuguzi wa kuniambia.

Nikamweleza. Akasema, "Iache ilivyo."

"Na kifua?"

"Kifua ni changu."

"Ni chako, lakini wa kukiuguza nani? Jirani?"

Akanyamaza. Dereva akinyamaza, ama amekubali ama amezira, na mimi sikungoja kujua ni lipi. Nikamwita Chap Chap.

Chap Chap ni fundi wa viti vya magari, rafiki yake wa siku nyingi. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, maana ahadi zake zote huishia na "chap chap", na mwendo wake ni wa kinyonga. Alilizunguka gari, akaingiza kichwa, akakitoa, akajikung'uta unga.

"Shemeji, hii ni kazi ya chap chap."

"Unaanza lini?"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Vua shati uanze."

Lakini haki yake simnyimi, mkono wake ni mzuri. Nilipomshauri apenyeze gundi kwa sindano tukibandike kitambaa kilekile tumalize, alinitazama kwa huzuni. "Shemeji, utabandika nguo kwenye unga? Kesho inaanguka tena, na madoa juu." Akafungua vikinga jua, akafungua taa ya katikati na vishikio vya juu ya milango, akavuta mipira ya milangoni, akalaza viti vya mbele. Ubao mzima wa dari ukatoka, tumeushika huku na huku kama wabeba mgonjwa, tukaulaza kwenye meza yangu ya kukatia. Kitambaa cha zamani kilibanduka kwa mkono mmoja. Sponji iliyobaki tuliisugua kwa brashi ngumu, tumejifunga pua, mpaka ubao ukawa mtupu.

Muda wote huo Dereva alikaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, uso ametuelekezea. Mara moja tu aliuliza, "Kile cha zamani mmekipeleka wapi?"

"Kwenye takataka," nikamjibu, "kwao."

Kitambaa kipya nilikuwa nimekichagua mimi. Dukani nilifumba macho nikapapasa majora mpaka muuzaji akadhani naumwa, maana mwenye gari angekiona kwa vidole. Chap Chap akapaka gundi kwenye ubao, akapaka mgongo wa kitambaa, tukangoja mpaka ikawa ukigusa haishiki kidole. Kisha tukakilaza, tukaanza kukibana kuanzia katikati kwenda pembeni. Hapo ndipo ushonaji wangu ulipoingia, na hapo ndipo nilipoharibu, ingawa siku ile nilijiona malkia. Mimi maisha yangu yote adui yangu ni mkunjo. Nguo ikipwaya mteja anaitupa mezani kwangu. Basi nilikivuta kitambaa kile pande zote, nikakisukuma kwa kiganja kwenye kila bonde la ubao, nikakikunja nyuma na kukikaza tena, mpaka kikalala bila hata mstari mmoja.

"Shemeji," Chap Chap akasema, "hiki hakitacheza tena mpaka kiama."

"Ndivyo ninavyotaka," nikasema.

Tuliporudisha kila kitu mahali pake, Dereva aliingia. Alipitisha kiganja juu, polepole, kutoka mbele mpaka kisogoni. "Kazi safi," alisema. "Ahsanteni." Akashusha vioo. Upepo ukaja, ukaingia huku ukatokea kule, nguo kwenye kamba zikacheza. Ndani ya gari hakikutikisika kitu. Alingoja. Akainua mkono tena, akagusa dari, akaushusha. Halafu akapandisha vioo kimoja kimoja, akatoka, akaupapasa ukuta kurudi chumbani.

Kesho yake hakwenda garini, wala siku ya pili yake. Akageukia ukuta wake kama zamani. Kikohozi kilipungua, naam, kifua kikawa safi, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Chap Chap alipita kumsalimia, akaniambia, "Mpe muda, shemeji, atazoea." Nikamwambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aondoke na usufi wake.

Nilivumilia, mimi nisiyejua kuvumilia. Mwishowe nikaingia chumbani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Wewe bwana una nini? Nimekufanyia dari ambayo hata gari la harusi halina, kifua kimetulia, na wewe umenuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira!"

Hakugeuka. "Fundi," akasema, "gari limezima."

"Limezima! Leo ndiyo umejua? Halina betri, halina upepo kwenye magurudumu..."

"Lilikuwa linakwenda." Akagusa paji la uso wake. "Kile kitambaa kilikuwa kinanipiga hapa. Ndivyo kilivyonipiga barabarani miaka yote. Tukipanda mlima kinapiga polepole. Tukianza kushuka kinapiga mbio mpaka nacheka peke yangu. Mwendo niliujua kwa kichwa, sikuwa na haja ya kutazama kipimo. Na kikitulia, tumefika." "Sasa kimetulia, Fundi. Nimefika. Nami sikutaka kufika."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mke mwema hapo angempa mume wake pole. Mimi lilitoka donge langu, lote, kama lilivyokuwa.

"Na mimi je?" nikasema. "Miaka yote wewe unapigwa na upepo, mimi napigwa na joto la pasi. Wewe hutaki kufika. Mimi hata kuondoka sijaondoka!"

Hapo aligeuka. Macho yake yalinitafuta yakapita pembeni kidogo ya sikio langu. "Kile kiti kilikuwa chako," alisema. "Kila safari nilisema leo simweki mtu hapa, ni pa Fundi. Halafu anatokea mtu na shida yake, nasema basi, safari ijayo. Nilidhani macho yatanitosha."

"Hayakutosha."

"Hayakutosha. Ndiyo maana nakuita kila siku."

"Unaniita uani!"

"Ndiyo barabara niliyobaki nayo."

Nikatoka mbio nisilie mbele yake. Nilifika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba haoni, na hapo nikalia zaidi.

Machozi yalipokauka nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Chap Chap. Nilimkuta amelala ndani ya kiti anachopaswa kukishona.

"Ile dari yetu," nikamwambia, "inaweza kulegezwa? Ining'inie tena?"

Alikaa wima. "Shemeji, katika kazi hii nimeombwa mengi. Kulegeza kilichokazwa sijawahi. Na ukikibandua kitachanika."

"Kile cha zamani kiko wapi?"

"Si ulikitupa? Nikakiokota nikapangusie gundi." Akainuka, akachakura nyuma ya mapipa, akanirushia furushi. Kipande cha nyuma alikuwa amekikata. Cha mbele, cha juu ya kiti cha dereva, kilikuwa bado kipo. "Sasa takataka hiyo ya nini, shemeji?"

"Ya safari," nikamjibu.

Nilikisugua kile kitambaa kwa brashi mpaka unga wote ukatoka. Nikakiloweka kwa sabuni, nikamwaga maji ya njano, nikakiloweka tena, mpaka maji yakatoka meupe. Palikuwa na weusi pale kichwa chake kilipokuwa kinagusa, mafuta ya nywele ya miaka. Hapo sikusugua sana. Kilipokauka, bila sponji yake, kilikuwa laini na chepesi. Nikakipinda kingo zote kwa cherehani, kazi ileile ninayowafanyia wateja wangu.

Alasiri yake nilisimama kwenye mlango wa chumba. "Dereva," nikaita, "njoo twende."

Nilisikia kitanda kikilia, halafu miguu yake ikitafuta viatu.

Nilikuwa nimejitanda kile kitambaa. Ndiyo, mimi, ninayevalisha mtaa huu wote, nilitoka uani na dari ya gari kichwani. Jirani alichungulia juu ya ukuta, nikamwambia akaangalie jiko lake. Dereva akaingia upande wake. Mimi nikafungua mlango wa pili, nikakaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kilikuwa na shimo la makalio ya watu wengine. Nilijisogezasogeza mpaka nikapata pangu.

Akashusha vioo. Tukangoja upepo, na upepo nao siku hiyo ukagoma, hata jani halikucheza. Basi nikalishika pindo la mtandio wangu, nikampungia mbele ya uso, likampiga pale kwenye paji.

Aliganda. Mkono ukapanda taratibu, ukalishika lile pindo, ukalipapasa, ukafika kwenye mshono wangu.

"Umekifua," akasema.

"Na kukipinda."

Kisha akaliachia lile pindo, mguu ukakanyaga, mkono ukashika gia, na mimi nikaanza kupunga, harakaharaka, kwa furaha.

"Taratibu, Fundi," akasema. "Ndiyo kwanza tunatoka mjini. Utatuua."

Nikapunguza. Akanipitisha nyumba za mwisho, akanipitisha kwenye daraja jembamba ambalo lazima upishane kwa adabu, akaniambia nifunge kioo kidogo, pale pana vumbi. Kwenye kona aliinama upande nami nikainama. Mkono ukachoka nikabadilisha mkono. Nililia wazi, sikujificha, nililia kwa ajili ya macho yake na kwa ajili ya safari zote ambazo kiti hiki kilikwenda bila mimi, na sikuacha kupunga. Njia ikaanza kupanda. Mwenyewe nilijua, nikapiga polepole, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

"Unayaona mawingu?" akaniuliza.

Nikafumba macho. "Nayaona."

"Muongo wewe," akasema, akabadilisha gia. "Hata nusu ya njia bado."